Gari Mbili za Mmanga

Jumanne, 1 Septemba 1959

Naanza kwa jina la Mola, na naanza leo kwa sababu leo wachumaji wamepanda mkarafuu wa kwanza. Mmanga ndiye aliyenambia niandike. "Mama, maneno yako ni mengi kuliko masikio ya baba," kasema. "Mengine yaweke kwenye karatasi." Basi nayaweka.

Mie ni Mwanakhamis binti Ngwali, wa hapa Vitongoji. Msahafu nimeuhitimu chuoni, na herufi hizi za kizungu nilizisoma katika darasa la wanawake wazima. Mwalimu alinambia mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wote. Wenzangu hakuwaambia hivyo. Niliwauliza.

Mume wangu ni Mzee Jaribu, mtu wa maneno machache. Mtoto tunaye mmoja tu, Mmanga, na kwa mtoto kama huyo mmoja anatosha. Ni mwalimu. Kasomea Unguja, kafundisha Unguja mwaka mzima, na sasa yuko nyumbani kwa likizo. Wamempa achague: arudi Unguja mjini, kwenye skuli kubwa na nyumba ya bure, au aje kufundisha Wete. Jibu linatakiwa mwisho wa Oktoba, na kazi inaanza Novemba. Mie nimeshamwambia: ukichagua Wete, karafuu zote za mikarafuu yangu ya urithi ni zako, nakununulia gari. Kacheka. Hakukataa, lakini kukubali pia hakukubali.

Mwaka huu mikarafuu imebeba mpaka matawi yameinama. Mwenyezi Mungu kaona nia yangu.

Ijumaa, 4 Septemba

Tumechambua karafuu toka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mmanga kakaa na wanawake kuchambua, mwalimu mzima, na hakuona haya. Bimkubwa, jirani yangu, anachambua pole pole ili apate nafasi ya kusema.

Jumapili, 6 Septemba

Nimemuuliza Mmanga anataka gari ya namna gani. Nilidhani atasema ya milango minne, kama ya daktari. Kasema, "Mama, kama ni kutaka, nataka gari ya mbio." Nikamuuliza mbio anakwenda wapi, kisiwa chenyewe ukikohoa Chake unasikika Wete. Kasema hapana pa kwenda, raha yake ni kuiendesha tu. Rafiki yake wa Unguja alikuwa nayo moja, wakiiendesha kwa zamu.

Kisiwa kizima zinauzwa mbili. Zote kuukuu, zote za viti viwili. Moja ni nyekundu, ya Mzungu mmoja mpima ardhi wa Wete ambaye anarudi kwao. Ya pili ni ya kijani, ya Bwana Masika, dalali wa karafuu, pale Madungu, Chake. Mmanga kasema nizitazame zote, kisha nichague mie, kwa kuwa mnunuzi ni mie. Mwanangu ana adabu. Kila mtu analijua hilo, na asiyelijua nimemwambia.

Alkhamisi, 10 Septemba

Tumekwenda Wete kwa basi, mie na Mmanga, na gari nyekundu nimeiona. Niseme nini. Nyekundu ya komamanga lililopasuka. Taa za mbele kubwa, kama macho ya mtu aliyeambiwa habari asiyoitarajia. Vyuma vinang'aa hata nikajiona ndani yake, nikajitengeneza ushungi. Paa haina, ina turubai la kukunja kwa nyuma. Mzungu anasema Kiswahili cha vitabuni, neno moja moja. "Karibu, bibi. Ingia. Keti. Usihofu."

Kuingia ndiko nilikojua gari ya mbio ni nini. Kiti kiko chini kabisa na miguu unainyosha mbele, sawasawa na kukaa juu ya mbuzi unakuna nazi. Nikamwambia Mmanga, "Ungenambia ningekuja na nazi zangu, kazi ingekwenda." Mzungu hakuelewa. Mmanga alipomweleza, alicheka mpaka akaegemea mlango. Akatupitisha mjini, mie mbele na Mmanga kadandia nyuma juu ya turubai. Upepo uliniingia ndani ya buibui nikatuna kama mto wa sufi. Watu walitoka madukani kutazama. Kutoka ndani ya gari ikawa shughuli nyingine, Mmanga kanivuta mkono huu, mke wa Mzungu kanivuta mkono wa pili, na mie nacheka sina nguvu.

Njiani kurudi nilimwambia Mmanga ni hiyo, tusitafute tena.

"Hujaiona ya pili, mama."

"Sina haja."

"Tuione tu."

Jumapili, 13 Septemba

Gari ya Bwana Masika kwanza nilidhani ni banda, maana kuku walitoka chini yake. Rangi yake ni kijani, ile chanikiwiti hasa, ila imepauka upande unaopigwa na jua. Magurudumu yana njiti kama ya baiskeli. Imeinuka kuliko ile nyekundu, kwa hiyo niliingia mwenyewe na nikatoka mwenyewe, lakini hapakuwa na mtu wa kuniona. Honi yake inalia kama mbuzi aliyevimbiwa.

Nimemuuliza Bwana Masika kwa nini anaiuza.

"Bi Mwanakhamis, mke wangu kajifungua pacha," kasema. "Gari ina viti viwili. Mara ya mwisho tulipotoka, niliendesha mie, mkwe wangu kakaa kiti cha pili na watoto mapajani, na mama wa watoto tukamwacha mlangoni. Siku tatu hakusema nami."

Mmanga kalala chini ya gari na kanzu nyeupe niliyoifua kwa mikono yangu. Kapima kwa shubiri toka ardhini mpaka tumboni mwa gari, kisha katoka anatabasamu. Nikamuuliza, "Ungekuwa unachagua weye, ungechukua ipi?"

"Hii ya kijani."

"Kwa nini?"

"Basi tu, mama. Naona itanifaa."

Nimekaa kimya mpaka nyumbani. Mzee Jaribu kaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nafikiri. Ile ya kijani ni rahisi, na mtu huchukua kitu rahisi akijua atakiacha baada ya muda mfupi. Nyekundu mtu haiachi. Akiwa na nyekundu Wete, Unguja atakwenda kufanya nini?

Jumanne, 15 Septemba

Maulidi tumesoma nyumbani kwa Bimkubwa. Wanawake wakaniuliza habari za gari. Nikasema ni nyekundu na imeshakuwa yetu. Haijawa yetu, lakini jambo ukishalisema mbele ya wanawake wa Vitongoji, limekuwa.

Bimkubwa alikuwa anagawa haluwa. Kasema, "Ile ya Wete? Ile haifiki kwetu, shoga. Mpando wetu wa kuja huku juu una mawe kama meno."

Nikamjibu, "Gari za Wazungu zinapanda milima ya kwao, sembuse kijipando cha Vitongoji."

Roho yake haikunjuki, huyu mwanamke. Mtoto wake Hija yuko Mombasa miaka mingi na hata baiskeli sijasikia kuwa kanunua. Mwenye hali hiyo akisikia gari nyekundu, lazima ataona mawe.

Ijumaa, 18 Septemba

Jua kali. Karafuu za mwanzo zimekauka vizuri, ukizishika zinalia mkononi.

Jumanne, 22 Septemba

Jua. Mmanga kaandika kitu barazani, kakisoma, kakichana. Sikuuliza. Nilipita mara tatu karibu yake na ufagio, lakini sikuuliza.

Jumapili, 27 Septemba

Nimegombana na Mzee Jaribu, au niseme mie nimegombana na yeye kasikiliza. Nilikuwa namhesabia uzuri wa gari nyekundu, taa, vyuma, turubai. Kaniacha mpaka nikamaliza. Kisha kasema, "Mwanakhamis, huyu mtoto unampa gari au unamfunga kamba?"

"Nampa gari. Mama hampi mwanawe zawadi?"

"Zawadi haina sharti."

"Na akenda Unguja akatuacha wawili tunatazamana?"

"Mie nakutazama vizuri tu," kasema, akavaa kofia yake akenda msikitini.

Mtu wa maneno machache, lakini hayo machache huyachagua.

Jumapili, 4 Oktoba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Jana Mzungu alimwazima Mmanga gari nyekundu, aje nayo kwetu siku chache tuijaribu. Kutoka Wete mpaka Chake ilikuja kama inateleza. Kutoka Chake ikaanza kulalamika. Ilipofika chini ya mpando wetu ikakaa, tumbo juu ya jiwe, gurudumu moja linazunguka hewani. Watu wote tukenda kutazama. Mzee Jaribu kainama kachungulia. "Mzungu anapima ardhi," kasema, "na tumbo la gari lake linapima naye."

Vijana wakaiinua wakaibeba mpaka uani kwetu wakiimba, kama wanaleta bibi harusi. Mie nikapiga vigelegele njia nzima. Mmanga hakuwa anacheka. Kila hatua anageuka kuutazama mpando.

Leo asubuhi Bimkubwa kaja. Kaizunguka gari, kaigusa taa, kasema, "Nzuri." Hivyo tu. Nikangoja aseme mashaallah. Hakusema. Kajifunika kanga yake kenda zake uwanjani kupindua karafuu.

Sasa gari ya watu iko uani kwangu, imetiwa jicho, mie nifanye nini? Nikatoa chetezo changu kikubwa, nikatia makaa, ubani, na kile kipande cha udi nilichokiweka kwa ajili ya harusi ya Mmanga. Nikasoma, nikaizunguka gari yote, mbele, nyuma, chini ya magurudumu. Kisha nikaona kiti cha dereva ndicho kinachotaka moshi zaidi, kwa kuwa ndipo atakapokaa mwanangu. Nikakiweka chetezo juu ya kiti, moshi uingie mpaka ndani ya ngozi.

Pale pale Mzee Jaribu kaita kutoka uwanjani, "Mvua."

Karafuu zote zilikuwa nje. Anayejua karafuu anajua, zikirowa zimekwisha, zinageuka rangi na hakuna atakayezitazama. Tukakimbia sote. Wa kushika pembe za jamvi kashika, wa kukusanya kwa mikono anakusanya. Bimkubwa alikunja kanga mpaka magotini, kashika lile jamvi kubwa ambalo wanaume wawili hulibeba kwa taabu, kaliburuta peke yake mpaka ukumbini. Hatukuacha karafuu hata moja nje. Tukakaa tunahema, tumeloa, tunachekana.

Mmanga akanusa. "Mama, mbona karafuu zinanuka ngozi?"

Sikuwa na haja ya kwenda kutazama. Nilijua.

Chetezo kilikuwa kimelala ubavu. Kiti cha dereva kina tundu la ukubwa wa sahani, na gari nzima imejaa maji kama bakuli, maana turubai hatukulifunga. Mvua iliyokuja kuniharibia karafuu ndiyo iliyozima moto.

Mmanga kakaa chini kwenye tope. Kasema kwa sauti ndogo, "Mama, tangi la petroli liko nyuma ya kiti hiki."

Hilo sikulijua. Nikakaa naye kwenye tope.

Mzee Jaribu kaja katazama. "Jicho limetoka," kasema.

Sasa nitaandika na hili, kwa kuwa limenipitia. Kitu cha watu ukikiharibu unakichukua, ndiyo heshima. Basi ile nyekundu imekuwa yetu, na hapana tena kuchagua. Mwenyezi Mungu anisamehe, pale kwenye tope nilifurahi. Nikamgeukia Mmanga. Kasema, "Akitaka tuichukue, tutaichukua," kwa uso wa mtu aliyepewa kikombe cha muarubaini na kaambiwa akimalize.

Furaha yangu ikakatika.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimeamua. Kwa Mzungu nakwenda mwenyewe, na mikono mitupu siendi. Ngozi sijui kushona, lakini ukili hakuna Vitongoji nzima anayenishinda. Namsukia kiti cha mkeka, cha kutandika juu ya kile kilichoungua. Ukindu mwembamba, wa rangi, na darizi yake.

Jumatano, 7 Oktoba

Nilidhani nitasuka peke yangu. Bimkubwa kaja bila ya kuitwa, na furushi la ukindu wake aliokwisha kuutia rangi, mwekundu na zambarau. Kakaa, kaanza. Hakutaja jicho, hakutaja moto. Nikaona aibu kidogo, nikasema, "Ukindu huu si uliuweka kwa mkeka wa harusi ya Hija?"

"Nimeuweka sana," kasema. "Utaoza."

Tukasuka. Baadaye kasema, hajaniinulia uso, "Mwanakhamis, unajua kwa nini Hija hayuko hapa?"

Nikasema kenda kutafuta kazi, kama wenziwe.

"Kazi alikuwa nayo. Mie nilimwambia, ukimwoa mtoto wa kakangu, nyumba hii ni yako na shamba ni lako. Ukikataa, usinijue. Nilidhani nimempa kitu. Yeye kaona nimemfungia mlango, nimesimama na ufunguo. Kapanda meli. Salamu analeta kila Idi. Yeye mwenyewe haji."

Mikono yake haikusita hata kidogo. Anasuka vizuri kuliko nilivyokuwa nikiwaambia watu.

"Na ile gari ni nzuri," kasema. "Nilisema nzuri, na moyoni nikasema mashaallah. Nimezoea kusema na moyo, nyumbani kwangu hapana mtu."

Nikamtilia chai.

Jumamosi, 10 Oktoba

Gari tuliibeba tena kuishusha mpando, safari hii bila ya nyimbo. Tukenda Wete. Mmanga alikuwa anatafuta maneno ya kuanzia, mie nikamtangulia. Nikamwambia Mzungu, "Bwana, nimekichoma kiti chako kwa udi. Nilikuwa naikinga gari yako na jicho. Jicho sijui kama lilikuwepo, lakini moto ulikuwepo. Hiki hapa nimekuletea, na kama unataka tuichukue gari, sema."

Mmanga kamfasiria udi ni nini na jicho ni nini. Mzungu kakitandika kiti kipya juu ya kile kilichoungua, kakaa. Kasimama. Kakaa tena. Kamwita mkewe, naye kakaa. Kumbe ile ngozi ilikuwa inamtesa miaka yote. Anavaa kaptula, na gari ikishinda juani, akikaa mapaja yanaungua. Ukili haushiki joto. Kaniuliza kama nitamsukia na cha upande wa pili. Nikamwambia nitamsukia, na shoga yangu Bimkubwa atanisaidia, maana rangi zile ni zake.

Kasema hatudai kitu, na gari bado inauzwa kama tunaitaka. Wote wakanitazama mie. Nyekundu ilikuwa mbele yangu, inang'aa, na kiti chenye mkono wangu ndani yake. Nikasema, "Bwana, nitakujibu."

Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya alfajiri nimemwita Mmanga ukumbini. Fungu la pesa za karafuu nimelifunga kwenye leso, nimemwekea mbele yake.

Nikamwambia, "Mwanangu, chukua. Nunua unayoitaka. Na lile neno nililosema, la Wete, nimelirudisha. Ukenda Unguja, nenda na gari yako. Mie mama yako, nimekuzaa bila ya sharti, na gari pia nakupa bila ya sharti."

Niliyapanga maneno hayo usiku kitandani na yalitoka vizuri kuliko nilivyoyapanga. Mmanga kanibusu mkono. Kasema, "Nimesikia, mama." Basi. Nimesikia. Mtoto wa baba yake kabisa.

Mama mwingine angelia pale pale. Mie nilikwenda kwanza jikoni.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mmanga kenda Chake. Sina hamu ya kuandika.

Jumatano, 14 Oktoba

Gari imekuja, na ni ya kijani. Ardhi ni kavu, kwa hiyo mpando imeupanda, pole pole, inapiga honi kila hatua ili kuku waondoke. Wanawake wakanitazama. Nikawaambia moyo wangu siku zote ulikuwa kwenye kijani, nyekundu nilikuwa nawapima tu. Bimkubwa kafunika mdomo kwa kanga.

Kumuuliza Mmanga habari za Unguja, simuulizi. Niliahidi mwenyewe na nafsi yangu. Ni kazi kubwa kuliko kuchuma karafuu.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua za vuli zimefunguka. Karafuu zilizobaki tunazianika jua likitoka na kuzikimbiza likijificha.

Mmanga katoka na gari kwenye mvua hiyo hiyo. Nikafikiri anakwenda Wete. Kumbe kashuka mpando, kageuza, kajaribu kupanda. Imekwama katikati kwenye tope jekundu. Karudi kwa miguu, kala, kenda kulala.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua. Kajaribu tena. Imekwama pale pale. Imetolewa na ng'ombe.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mvua. Imekwama juu kidogo kuliko juzi. Mzee Jaribu kenda kusukuma, karudi mwekundu kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, sikumjua mpaka alipodai chai. Anacheka peke yake. Nikamuuliza kinachomchekesha. Kasema, "Gari ya mwanao inatema tope vizuri."

Nimemkemea Mmanga. Gari haijatimiza hata wiki mbili, mbona unaiua? Ngoja jua litoke, upite kwa raha.

"Jua halinisaidii, mama," kasema. "Nataka mvua."

Atakuwa ana homa.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mvua toka usiku. Mmanga na vijana wanajaza mashimo ya mpando kwa mawe na makumbi ya nazi. Bimkubwa katoa makumbi yake yote aliyokuwa ayafukie pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Nimemuuliza anajua hawa wanafanya nini. Kanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayesoma alifu. "Wewe hujui?" kasema. Hakunambia.

Siku zimebaki chache za kupeleka jibu. Nimekaa kimya mpaka shingo inaniuma.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua ya leo sijaiona miaka. Kuku wamepanda kitandani. Sisi tumefunga milango, Mzee Jaribu anasoma, mie nachambua mchele, mara nasikia honi. Ile ya mbuzi aliyevimbiwa. Nasikia tena, karibu. Nikafungua mlango.

Gari ya kijani iko mlangoni kwangu. Haina kijani tena, ni tope tupu na macho mawili ya taa. Mmanga kakaa ndani yake, turubai limemwangukia kichwani, maji yanamtoka puani, na meno yote nje.

"Inapita, mama," kasema. "Imepanda mwenyewe. Hakuna aliyesukuma. Mvua yoyote, inafika mpaka hapa."

"Nimeona imefika. Shuka uvue hizo nguo."

"Ile nyekundu isingefika. Nililijua toka siku ile Madungu, nilipoipima tumbo hii. Nilitaka kuhakikisha kwanza, ndipo nikwambie."

"Uniambie nini?"

Nilipouliza, nikawa nimeshajua, ulimi ulikuwa nyuma tu. Mtu anayekwenda kukaa Unguja anataka nini na mpando wa Vitongoji siku ya gharika? Yule aliyelala chini na kanzu nyeupe hakuwa anatafuta gari rahisi ya kuiacha. Alikuwa anatafuta gari itakayomleta kwangu masika na vuli. Na mie nilikuwa namsukumia ile inayobebwa na watu kama bibi harusi.

Mmanga kasema, "Siku za mvua kubwa kama hii nitakuwa natoka Wete mapema kidogo. Usiku mpando nitauogopa."

Mzee Jaribu nyuma yangu kasema, "Makumbi mengine tutaweka pale kwenye kona."

Mzee huyu alijua. Bimkubwa alijua. Nadhani na ng'ombe alijua. Nimewaambia wote wawili pale mlangoni kuwa mie nimejua kabla yao, ila nilinyamaza kwa hekima. Mmanga kacheka mpaka akapiga honi kwa kifua bila ya kutaka. Kisha nikatoka na mvua ile ile, ushungi na yote, nikamshika mwanangu kichwa na tope lake.

Jumapili, 22 Novemba

Mvua ndogo ndogo. Mmanga kaja kutoka Wete, kala wali na pweza wa nazi, kalala ukumbini mpaka alasiri, karudi Wete. Sina jipya la kuandika.